SSD au diski ya kasi kwa PC: pesa iende wapi

Swali hili huulizwa kila siku kwenye kaunta za Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi: ninunue SSD ndogo (diski ya chipu, isiyozunguka), au kwa pesa hizohizo nichukue diski kubwa ya kuzunguka yenye kasi? Kwa PC itakayobeba Windows, chukua SSD, hata iwe ya gigabaiti 240. Ila sababu si ile iliyoandikwa kwenye kasha.

Kasha hutangaza megabaiti kwa sekunde. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika husoma faili kubwa kwa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, na SSD ya SATA, kiunganishi cha kawaida cha diski kwenye PC, hufika 550. Tofauti ipo, lakini si hiyo inayokuchosha asubuhi ukingoja PC iwake. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa cha diski sharti kisogee, kisha kingoje sahani izunguke. Kusogea ni milisekunde 8 au 9, kungoja ni 4.17 kwa wastani. Piga hesabu: vipande 80 hivi kwa sekunde, basi. SSD haina cha kusogeza, na kipande huipata ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Ndiyo maana WD VelociRaptor ya mizunguko 10,000, iliyotoka mwaka 2008, haikufua dafu. Kungoja kulishuka hadi milisekunde 3 na kusogea hadi kama 4, yaani vipande 140 hivi kwa sekunde. Ukiikuta mtumba ikiuzwa kama diski ya wacheza gemu, ipite. Diski za SAS za mizunguko 15,000 zilizotolewa kwenye seva ndizo mbaya zaidi: haziingii kabisa kwenye SATA ya PC ya kawaida. Kuunganisha diski mbili kwa RAID 0, data ikigawanywa kati yao, nako huharakisha faili kubwa tu, na moja ikifa, data ya zote mbili imekwenda.

Kabla ya kulipa, ijue mashine yako. PC nyingi za ex-UK mjini ni za zamani. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kwa mfano, haina nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba kwenye ubao mama), kwa hiyo nunua SSD ya inchi 2.5. Bandari zake za SATA hazilingani: mbili ni za gigabiti 6 kwa sekunde, nyingine ni za 3, na SSD ikichomekwa kwenye hizo za 3 hukwama karibu na megabaiti 280. Penye M.2 pia usikimbilie NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, kwani baadhi ya nafasi hukubali SATA pekee. Fungua mwongozo wa ubao mama kwanza.

Kwa SSD za bei nafuu, Kingston A400 na Crucial BX500 zinatosha ofisi na wanafunzi. Hazina DRAM yake, yaani kumbukumbu ya haraka ya kusaidia kidhibiti, hivyo ukinakili gigabaiti nyingi kwa mpigo kasi hushuka vibaya. Anayehariri video aongeze pesa apate Samsung 870 EVO. Hofu ya SSD kuchakaa imetiwa chumvi: A400 ya gigabaiti 480 imekadiriwa kuandikwa terabaiti 160, na kwa gigabaiti 20 kila siku hiyo ni zaidi ya miaka 20. Kidhibiti chake, yaani chipu inayoiongoza, huenda kikafa kabla ya hapo, na kikifa hakitoi onyo. Hilo ndilo la kuhofia.

Diski ya kuzunguka ibaki ghala la picha, filamu na nakala za akiba. Hapo angalia SMR, yaani nyimbo za data zinazolaliana kama vigae vya paa: Seagate Barracuda ya terabaiti 2, ST2000DM008, ni ya mizunguko 7,200 lakini ni SMR, na ukiiandikia mfululizo hujikokota. ST1000DM010 ya terabaiti 1 haina tatizo hilo. WD Purple ni diski ya kamera za ulinzi. Muuzaji akikwambia ni ya kasi, mwachie.

Wakati wa kufunga, weka BIOS kwenye AHCI (namna ya PC kuwasiliana na diski za SATA) kabla ya kupiga Windows. Ukibadilisha baadaye, mara nyingi utapata skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Chomoa diski ya zamani kwanza, la sivyo Windows inaweza kuacha sehemu ya kuwashia huko, na siku utakapoitoa PC haitawaka. Kisha, kwenye Command Prompt, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la NTFS likiwa 0, TRIM, inayoiarifu SSD data iliyofutwa, inafanya kazi.

Stima ikipotea ghafla, SSD za kawaida zinaweza kupoteza kilichokuwa kikiandikwa, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya kushikilia PC) si anasa.

Ukinunua mtumba, omba CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, ifunguliwe palepale kaunta. Saa 26,000 za kuwaka ni miaka mitatu bila kuzimwa. Namba ghafi ya 05 au C5 (sehemu za diski zilizoharibika) ikizidi sifuri, rudisha. C7 (makosa ya mawasiliano) ikiwa kubwa, badilisha kebo kwanza upime tena. SSD ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya gigabaiti 256 huenda ukubwa wake ni wa uongo, hivyo ipimwe kwa H2testw, programu inayoijaza na kuisoma, mpaka mwisho, ingawa itachukua saa kadhaa, na risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) ya diski yenyewe.