Umeme wa mji: tathmini ya mteja ambaye pia ni mwenye mali

Jengo la manispaa ya mji wetu mdogo wa Nebraska lina dirisha moja la malipo, na nyuma ya kioo chake hukaa mama mmoja ambaye, kwa miaka saba niliyoishi hapa, hajawahi kuniuliza jina langu mara mbili. Hapo ndipo ninapolipia umeme, maji, majitaka na uzoaji wa taka, vyote katika karatasi moja, na hapo ndipo ninapokwenda kulalamika. Waswahili wenzangu wengi waliokuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha nyama huliona dirisha hilo kuwa ofisi nyingine ya serikali, ambayo mtu huingia kwa wasiwasi na kutoka kwa haraka. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka mitatu kuelewa kwamba shirika linalonitumia bili ni langu pia, na kwamba jambo hilo limo katika sheria, wala si maneno ya kupamba kalenda.

Marekani, watu wengi hununua umeme kwa makampuni binafsi yenye wanahisa. Kando ya makampuni hayo kuna takriban mashirika 2,000 yanayomilikiwa na miji, kaunti au wilaya maalumu za umeme, yanayohudumia watu zaidi ya milioni 50 katika majimbo 49. Hawaii pekee ndiyo isiyokuwa nayo. Yapo makubwa sana, kama ya Los Angeles, Seattle na San Antonio, lakini mengi ni ya miji kama huu wetu, ambako mafundi wa laini wote wa idara wanaweza kuenea katika meza moja ya chakula. Nebraska ina sifa ya peke yake: ndilo jimbo ambalo umeme wote wa wananchi hutolewa na mashirika ya umma na vyama vya ushirika, bila kampuni binafsi kuwauzia. Seneta George Norris, aliyepigania kuundwa kwa mamlaka ya umeme ya Bonde la Tennessee mwaka 1933, alitoka jimbo hilihili, na wazee wa hapa bado wanamtaja kama mtu waliyemjua.

Shirika la mji lisichanganywe na ushirika. Katika ushirika, mwanachama hujiunga na kupiga kura kama mwanachama. Katika umeme wa mji, umiliki unakuja kwa kuwa mkazi, na wanaosimamia ni madiwani au bodi iliyochaguliwa na wakazi. Kwetu Tanzania mfano ulio karibu zaidi na ushirika ulikuwa Urambo, mkoani Tabora, ambako miaka ya 1990 watumiaji walianzisha chama chao cha umeme wa majenereta ya dizeli. Nilipomweleza jirani yangu Mmarekani habari hiyo alishangaa, kwa sababu alidhani jambo la wananchi kujiwashia taa lilibuniwa Nebraska.

Nianze na huduma yenyewe. Bili inasomeka. Juu kuna usomaji wa mita wa mwezi uliopita na wa mwezi huu, chini yake uniti zilizotumika, kisha tozo ya kudumu ya kila mwezi, na mwisho mchoro mdogo unaolinganisha matumizi na mwaka uliopita. Kwa mtu aliyezoea luku, ambako fedha hutangulia na tokeni hufuata, kulipa baada ya kutumia ni raha yenye mtego: Januari, mashine ya kupasha joto nyumba inapounguruma usiku kucha, hakuna mlio wa mita unaokuonya kwamba uniti zinakwisha. Bili yangu ya kwanza ya Januari ilinitoa jasho kwenye baridi. Mama wa dirishani alinieleza kuwa ninaweza kugawanya malipo ya mwaka mzima yawe sawa kila mwezi, na tangu hapo nimepumua.

Bei ni nafuu. Kwa nchi nzima, wateja wa majumbani wa mashirika ya umma hulipa kwa wastani chini ya wale wa makampuni binafsi, na sababu zake zinaeleweka: hakuna gawio la wanahisa, mikopo ya ujenzi hupatikana kwa hatifungani zenye riba ndogo, na sheria inayapa mashirika haya haki ya kwanza ya kununua umeme wa mabwawa ya serikali kuu. Sehemu ya umeme ninaoupikia wali hutoka katika mabwawa ya Mto Missouri, likiwemo Gavins Point lililo mpakani mwa Nebraska na Dakota Kusini. Ninalolalamikia ni ile tozo ya kudumu, ambayo imepanda mara mbili tangu nilipofika. Anayeishi peke yake katika chumba kimoja anailipa sawa na mwenye nyumba ya vyumba sita, na hesabu hiyo humuumiza asiye na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo bili haisemi waziwazi. Kila mwaka idara ya umeme hupeleka sehemu ya mapato yake katika mfuko mkuu wa mji, badala ya kodi ambayo kampuni binafsi ingelipa. Fedha hizo hutengeneza barabara na kulipia maktaba, nami nafaidika nazo, lakini kodi inayokusanywa kupitia swichi ya taa ingefaa iandikwe kwa jina lake. Nilipouliza, nilielekezwa kwenye bajeti ya mji yenye kurasa nyingi. Nilizisoma. Kiasi hicho kimo humo kweli, katika mstari mmoja ambao mtu asiyeutafuta hawezi kuuona.

Sasa nifike kwenye uimara wa umeme, ambao ndio hasa ulionifanya nikifahamu chama kinachoyaunganisha mashirika haya. Majira ya baridi mawili yaliyopita, mvua iliyogeuka barafu ilishika nyaya mpaka zikawa nene kama kamba za jahazi. Nguzo tatu za mtaa wetu zilikatika katikati. Mafundi wetu wasingemaliza kazi ile kwa wiki mbili, lakini alfajiri ya siku ya pili niliona magari yenye ndoo za kunyanyulia mafundi yakiwa yameandikwa majina ya miji mingine mitatu. Kijana mmoja alipanda nguzo mbele ya nyumba yangu kwa viatu vya miiba, kwa sababu gari halikuweza kuingia uchochoroni. Kila alipopiga waya kwa fimbo yake ndefu, barafu iliporomoka kama vigae. Aliposhuka nilimpa chai ya tangawizi. Aliinywa, akakohoa, akaomba tena. Kesho yake mchana taa ziliwaka.

Msaada huo haukuja kwa urafiki wa mameya peke yake. Nyuma yake kuna mikataba iliyoandikwa mapema, inayoeleza nani atamlipa fundi wa jirani, nani atabeba bima, na nani ataamuru kazi mara wageni wanapofika. Mtandao wa kitaifa wa kusaidiana huratibiwa na chama chao, American Public Power Association, kilichoanzishwa mwaka 1940 na chenye makao yake Arlington, Virginia. Kwa mji mdogo, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Kampuni kubwa ina mamia ya mafundi wa kuhamisha kutoka jimbo hadi jimbo; mji wetu una jirani, na jirani ana jirani yake.

Chama hicho hufanya mengine mengi, baadhi yakiwa ya maana na baadhi ya kujipamba. Hutoa mwongozo wa usalama ambao mafundi wetu huutumia kila siku. Nimeuona ukiwa umechakaa pembe juu ya dashibodi ya gari, na kitabu kilichochakaa ni kitabu kinachosomwa. Tangu mwaka 1980 kina mpango wa kugharimia majaribio ya teknolojia katika mashirika wanachama na kuwafadhili wanafunzi wanaotaka kazi hii. Huandaa pia mashindano ya mafundi wa laini, ambako mojawapo ya mitihani ni kumshusha haraka kutoka juu ya nguzo mwanasesere anayewakilisha fundi aliyeumia. Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ilianza mwaka 2019: kwa kushirikiana na shirika la umeme la taifa la Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, mafundi wa miji mbalimbali husafiri hadi nchi yao, ambako maelfu ya nyumba hazijawahi kuwa na umeme, wakachimbia nguzo na kuvuta waya kilomita nyingi kwa ajili ya nyumba moja au mbili. Katika nchi tajiri kama hii, bado kuna bibi kizee anayewasha taa yake ya kwanza akiwa na wajukuu.

Kuhusu vyeti nina mashaka kidogo. Chama hutoa tuzo ya uhakika wa huduma, yenye daraja za dhahabu, platinamu na almasi, inayodumu miaka mitatu. Shirika lenyewe ndilo huomba, na wanaolipima ni watu wa mashirika wenzao. Vigezo ni vya maana, maana hutazama uhakika wa umeme, usalama, mafunzo ya wafanyakazi na uboreshaji wa mitambo, lakini mteja hana kiti katika meza hiyo. Ndivyo chama kilivyo kwa jumla: ni sauti ya mameneja na madiwani, na mteja husikika kupitia kwao tu. Husikika vizuri huko Washington, mji mkuu wa nchi, ni kweli. Sheria ya mwaka 2022 ilipoyaruhusu mashirika yasiyolipa kodi kupokea moja kwa moja fedha za motisha ya nishati safi, ambazo awali zilikuwa nafuu ya kodi tu na kwa hiyo hazikuwafikia, chama kilikuwa kimeipigania kwa miaka.

Umiliki wa umma pia hauzuii makosa ya kitajiri. Katika jimbo la Washington, mashirika ya umma yaliyoungana kujenga vinu vya nyuklia yalishindwa mwaka 1983 kulipa hatifungani za dola bilioni 2.25, kwa ajili ya vinu viwili ambavyo havikuwahi kutoa hata uniti moja. Huko Illinois, miji mingi ya majimbo kadhaa ilijifunga kwa mikataba ya miaka mingi katika kituo cha makaa ya mawe cha Prairie State, kilichoanza kazi mwaka 2012 baada ya gharama kupanda sana kuliko ilivyotarajiwa. Mji ukikosea, hakuna mwanahisa wa kubeba hasara. Mwenye mali ndiye mteja, na mteja hulipa.

Vilevile kumiliki nyaya si kumiliki gridi. Februari 2021, baridi ilipofika chini ya nyuzi 25 hasi za Selsiasi, gridi ya kanda nzima ilizidiwa na miji ikaamriwa kuzima umeme kwa zamu. Majirani walitoka nje wakitazamana. Mimi nilisema neno moja tu, mgao, nikaingia ndani kuwasha mshumaa, na jioni hiyo nikagundua kwamba mtaa mzima aliyekuwa na mshumaa ni mimi peke yangu.

Kwa yote hayo, umeme wa mji wetu naupa nyota nne kati ya tano, na chama nyota tatu na nusu. Nyota inayokosekana kwa mji ni ya vikao. Kikao cha kupandisha ile tozo, kilichotangazwa kwa siku kadhaa na kufanyika saa moja jioni, kilihudhuriwa na watu tisa, wanne wao wakiwa waajiriwa wa manispaa. Kila mwananchi alipewa dakika tatu. Mimi nilizitumia kueleza kwamba matangazo ya kukata umeme huandikwa kwa Kiingereza na Kihispania tu, ilhali mitaa miwili nyuma ya kiwanda imejaa watu wa Bukavu, Kigoma na Bujumbura wanaosoma Kiswahili.

Sikutarajia jibu. Bili iliyofuata ilikuja na karatasi ya Kiswahili, iliyotafsiriwa na mashine, ikisema kwa herufi kubwa: NGUVU ZAKO ZITAKATWA TAREHE 15. Wanawake wa mtaani walicheka mpaka wakakaa chini. Wanaume waliikunja karatasi na kuitia mfukoni. Nilikwenda nayo dirishani, nikamweleza mama yule, naye akacheka hadi miwani ikamtoka, kisha akanipa kalamu. Tangazo lililobandikwa pale kiooni leo linasema umeme utakatwa, linataja namba ya kupiga kabla ya siku hiyo kufika, na chini yake, kwa maandishi madogo niliyoyaomba mwenyewe, limeandikwa siku ya kikao kijacho.