Wameandika yuniti 96, zimeingia 64

Nawapa nyota moja, na hata hiyo inaniuma.

Hili gemu la kufanya biashara kwa vyombo vya angani nimelicheza miezi mingi, usiku baada ya usiku hapa Sinza, bando likiisha naweka jingine. Nimejibana na kile chombo kidogo cha kuanzia, nabeba dawa na chakula kutoka kituo hadi kituo, mpaka nikapata hela ya meli kubwa ya mizigo. Pale dukani wameandika hivi: nafasi ya mizigo, yuniti 96. Basi. Kuhusu nafasi hakuna neno jingine.

Juzijuzi ikatokea tenda ya pampu za maji. Makasha sita, kila moja yuniti 16. Sita mara kumi na sita ni 96, mtoto wa darasa la nne anakupa jibu. Nikaweka dhamana karibu yote niliyokuwa nayo, nikaanza kupakia. Kasha la kwanza likaingia, la pili, la tatu, la nne. La tano likagoma. Nikaligeuza, nikalilaza, nikatoa yote nikaanza upya, halikuingia. Muda wa tenda ukaisha meli ikiwa imetia nanga palepale kituoni, dhamana ikaliwa yote, na jina langu kwa wenye mizigo likachafuka.

Nikaingia mwenyewe ndani kupima. Kumbe nafasi ile si chumba kimoja, ni viwili, vimetenganishwa na ushoroba. Kila chumba kina upana wa yuniti 3, kimo 2, urefu 8. Hesabu: 48 na 48, ndiyo hiyo 96 yao. Sasa kasha la pampu lina upana 2, kimo 2, urefu 4. Kila chumba kinameza mawili tu, halafu ukutani kunabaki uwazi wa upana wa yuniti moja ambao kasha hilo haliwezi kuingia hata uligeuzeje. Yuniti 32 zipo kwenye tangazo, kwenye kazi hazipo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha nikaambatanisha. Jibu lilikuja la mistari miwili: ujazo ulioandikwa ni sahihi, kupanga mizigo ni sehemu ya ujuzi wa mchezaji. Pole hakuna. Nikarudi tena kuwaeleza habari ya vyumba viwili, wakanitumia mistari ileile, nukta kwa nukta, kisha wakalifunga lalamiko langu. Hapo ndipo damu iliponichemka. Dhamana ningeisamehe, lakini kuambiwa sina ujuzi na mtu ambaye picha yenyewe hakuifungua, hapana.

Shemeji yangu anakusanya mizigo ya China pale Kariakoo, watu wanamlipa kwa CBM, yaani mita za ujazo. Nilipomsimulia hakuuliza hata jina la gemu.

“Shem, mlango wa hiyo meli una upana gani?”

Nikamwambia hawajaandika.

“Sasa wewe ulilipia nini?”

Akanieleza kwamba kontena la futi 20 lina takriban CBM 33 ndani, lakini mzigo wa maboksi mchanganyiko yeye huupigia hesabu ya 28, maana pembe na mapengo hayakosekani. Na mlango wake uko chini kidogo kuliko dari ya ndani, kwa hiyo mashine ndefu inaweza kutosha ndani na bado isipite mlangoni. Kabla hajampa mteja bei anachukua futi ya kupimia: urefu, upana, kimo. Hayo ni mabati na maboksi halisi. Hawa wenye ulimwengu waliouchora wenyewe wanashindwa nini?

Na msiniambie gemu haziwezi. Elite, gemu ya zamani ya biashara ya angani, ilitoka mwaka 1984 kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ya kubana kabisa. Meli yako ilibeba tani 20, ukinunua nyongeza zinakuwa 35. Tani ya chakula na tani ya kompyuta zilikula nafasi sawa, na dhahabu ilihesabiwa kwa kilo bila kugusa hizo tani. Uhalisia haukuwepo, nakubali, ila wakisema 20 zinaingia 20. Ukiniuzia kwa namba, namba itimie. Ukitaka nipange kwa umbo, nionyeshe umbo kabla sijalipa. Hawa wamechukua yote mawili na hasara wakaniachia mimi.

Lakini niseme haki. Soko lao liko hai kuliko gemu yoyote niliyoigusa: ukishusha dawa nyingi kituo kimoja unaona bei inaporomoka mbele ya macho yako, na wenzako wanakimbilia kwingine. Kutua na meli iliyojaa, ikiwa nzito, inachelewa kugeuka, ni raha ambayo sijaichoka. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota nne. Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaanza kuipandisha. Kisha nikafungua tena ile mistari miwili. Inabaki moja.

Anayetaka kununua meli hii asinunue kwanza. Kodi kwanza meli ya mtu, ingia nayo kituoni, jaribu kupakia kasha kubwa kuliko yote utakayowahi kubeba. Na nyie wenye gemu, ongezeni namba tatu tu kwa kila chumba pale dukani, pamoja na kipimo cha mlango. Siku mtakapoziweka, usiku huohuo nitakuja kuandika tano.