Rangi ya kuzuia kutu chini ya mashine ya nyasi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko yanayonifikia kutoka Nyali, Mtwapa hadi Kigamboni yanafanana: mashine ilipigwa msasa, ikapakwa rangi kabla ya masika, na masika hayajakwisha kutu imerudi. Wote wanailaumu chumvi ya bahari. Chumvi ina makosa yake, lakini mashine ya jirani inapigwa na upepo uleule na bado ni nzima. Mimi nawaambia watazame ukingo.

Chomoa waya wa plagi ya injini kwanza, kisha laza mashine kichujio cha hewa kikiwa juu, la sivyo oili itakiingia. Kwangua nyasi zilizogandamana, halafu fuata kwa kidole ule mdomo wa bodi unaozunguka kisu, matundu ya boliti za magurudumu na pale nyasi zinapotokea. Kutu imeanzia huko. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, ikabaki nyembamba palepale ilipotakiwa kuwa nene. Maji yakishapenya, kutu hutambaa chini ya rangi, na kwa kuwa inajaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inaibandua rangi yote kama ganda la yai la kuchemsha.

Na huku pwani kuna mchanga. Kisu cha sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Kila chembe kinachookota kinarushwa kwenye rangi yako. Kwa hiyo kung'aa na kukauka haraka siviulizi kabisa. Nani atalala chini ya mashine aione rangi inavyong'aa? Nauliza jambo moja: inashika ukingoni?

Ya kwanza: Hammerite ya kupaka kwa brashi. Naipendelea, sifichi. Ni nzito, haikimbii ncha, na inapakwa juu ya kutu iliyoshikamana bila praima, yaani rangi ya msingi. Ile inayomeng'enyeka lazima uitoe kwa brashi ya waya. Anza na kingo na matundu peke yake, acha zikauke, ndipo upake bodi nzima mikono miwili. Soma kopo linasemaje kuhusu muda wa kurudia, maana ukirudia wakati usiofaa mkono wa kwanza unaweza kukunjamana. Bei yake inauma, na ikifika dukani kwetu inauma zaidi.

Ya pili: epoksi ya makopo mawili, ile ya mafundi wa boti. Kwa ugumu huenda inaishinda hata kipenzi changu. Lakini inataka chuma kilichosafishwa hasa, vipimo sahihi, na ukishachanganya saa inakimbia: usichotumia kinagandia koponi. Kwa mashine moja ni hasara. Kama mna mashine tatu pale kazini, changeni.

Ya tatu: dawa ya kugeuza kutu, kisha rangi ya mafuta. Dawa hizi huwa na asidi ya fosforasi au ya tanini, na kutu nyekundu inageuka nyeusi. Ukiona weusi huo usidhani kazi imekwisha. Hiyo si rangi, bado inahitaji kufunikwa. Na rangi ya mafuta ya kawaida ni nyepesi, kwa hiyo kingo zipakwe mara mbili kabla ya kwingine.

Ya nne: praima yenye zinki nyingi. Nzuri sana kwa bodi mpya iliyokwaruzika, kwani zinki huliwa badala ya chuma. Lakini lazima iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu umetupa pesa.

Redoksaidi, ile nyekundu ya mageti, peke yake: hapana. Ni praima, inapitisha unyevu, na kuiacha vilevile bila rangi juu yake ni mtindo ambao sijui nani aliuanzisha. Oili chafu ya gari: inaunguza nyasi na kunasa uchafu. Sprei za bei poa: hata kingo hazifiki.

Sasa hawa wauzaji. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiiguse, hata muuzaji akuite dada mara kumi. Hujui imeongezwa thina kiasi gani, na rangi iliyozimuliwa ndiyo hiyohiyo inayokimbia ukingoni. Dai kopo lenye mfuniko ambao haujawahi kuguswa na bisibisi. Duka moja ninalolifahamu linabandika bei mpya juu ya ya zamani kila meli inapochelewa, lakini meli ikifika bei haishuki. Ukiuliza, unaambiwa dola.

Kama msumari unapenya bodi ukiusukuma kwa mkono, acha kabisa kununua rangi. Bodi yenye tundu inaweza kurusha jiwe likampata mtoto. Mpelekee fundi wa kuchomelea akuwekee kiraka kabla ya kitu kingine, au anza kutafuta mashine yenye bodi ya aluminiamu au plastiki ngumu, kama Honda HRX, ambayo bodi yake haina chuma cha kuliwa. Aluminiamu nayo chumvi huitafuna, ila polepole. Ukiipata ya mtumba, kagua ekseli na boliti zake, maana hizo bado ni chuma.