Tathmini ya mafunzo ya kumshusha majeruhi kutoka juu ya mti, Dodoma

Mafunzo haya, yanayotolewa pembezoni mwa Jiji la Dodoma kwa wakata miti na warina asali, yanajibu swali ambalo wengi wanaoishi kwa kupanda miti hulikwepa: aliye juu akizimia huku ananing'inia kwenye mkanda wake, atashushwa na nani, na kwa kamba ipi? Mkufunzi anashikilia kwamba njia ya kumshusha iandaliwe kabla mtu hajapanda, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuhalalisha ada, ambayo ni ndogo kuliko bei ya kamba moja bora.

Mbinu iliyopewa muda mrefu zaidi ni ya kumshusha mtu, mwokoaji akiwa chini. Kamba ya kupandia hupitishwa kwenye panda imara, yaani pale matawi yanapoachana, kisha ncha yake ya pili, badala ya kufungwa moja kwa moja shinani kama tulivyozoea, huingizwa kwenye breki (kifaa cha kuibana kamba) iliyofungwa hapo na kukazwa kwa fundo linalofunguka hata likiwa limebeba uzito. Mpandaji akiumia, mwenzake hulifungua na kumwachia kamba taratibu, bila mtu mwingine kupanda. Sharti lake ni urefu: panda ikiwa mita 15 juu, kamba ya mita 30 inatosha kupandia, lakini kumfikisha majeruhi ardhini kunaweza kudai mita 15 zaidi, mbali na akiba ya kufungia. Ncha isiyo na fundo la kuzuia kamba isichomoke kwenye breki ilisimamisha zoezi zima. Kamba za manila ambazo baadhi yetu tulikwenda nazo ziliwekwa kando tangu asubuhi, na kwa haki.

Mkufunzi alieleza vizuri kwamba, kwa kuwa kamba hupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, panda hulemewa na takriban mara mbili ya uzito wa mtu, hivyo mwenye kilo 80 huweza kuielemea kwa karibu kilo 160. Hata hivyo mazoezi yote yalifanyika kwenye migunga, ambayo mbao zake ni ngumu. Mbuyu, wenye mbao laini zilizojaa maji, ulitajwa kwa sentensi chache tu, ilhali ndio mti ambao mrina asali wa huku hukutana nao. Kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa mafunzo.

Mbinu ya pili ni ya pale ambapo kamba fupi ya majeruhi, ile anayojishikizia mtini, bado imezunguka tawi, kwa maana hapo aliye chini hana la kufanya. Mwokoaji hupanda kwa kamba yake mwenyewe, humuunganisha majeruhi na breki yake, huongeza karabina moja (pete ya metali yenye mlango) ya msuguano kwa sababu ya uzito wa watu wawili, na mwisho kabisa ndipo huikata ile kamba fupi, kwa mkasi wala si kwa kisu, kwa kuwa kamba iliyokazwa hukatika kwa mguso mdogo na kisu hakichagui. Sehemu hii ilifundishwa kwa utulivu wa kupigiwa mfano.

Huduma ya kwanza ndiyo iliyoniacha na mashaka. Tuliambiwa majeruhi aliyening'inia akalishwe kwa nusu saa kabla ya kulazwa, ushauri wa zamani ambao mapitio ya ushahidi yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2009 hayakuuunga mkono. Aliyezimia hulazwa na kuhudumiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Kwa upande mwingine, kila zoezi lilianza kwa mtu mmoja kutajwa kuwa ndiye atakayepiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na mti ulio karibu na nyaya haukuguswa hata kwa mfano kabla ya kuigizwa kwamba TANESCO wamekata umeme.

Kikundi kinachotaka kujiandikisha kipeleke angalau watu wawili, kwa sababu breki ya shinani haina maana ikiwa aliyejifunza kuitumia ndiye huyo huyo anayepanda.