Tripu za Mombasa za kununua na za kuacha: uliza maji kwanza, bei baadaye

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Khalati yangu alikuja kutoka Tanga Desemba na wanawe wawili, hajafika Mombasa miaka kumi na kitu, nami kwa kujitia mwenyeji nikasema Jumapili nawatoa, nawapeleka boti ya kioo wakaone samaki bila kurowa. Nikampata kijana mmoja kwenye ufuo wa kaskazini huku, maneno matamu kama kaimati, simu yake yote imejaa picha za samaki wa rangi, nikamtumia pesa yote kwa Mpesa siku mbili kabla, elfu nne na mia tano watu wanne. Niliuliza maswali jamani. Laif jaketi zipo? Zipo. Boti ina paa? Ina paa. Kioo kisafi? Kama cha duka dada. Nikajiona mjanja.

Tumefika saa nne na nusu asubuhi, bahari haipo. Nasema haipo! Maji yako kule mwambani, huku kwetu ni majani na vidimbwi na boti zimelala ubavu kama ng'ombe walioshiba, na yule kijana wala hana wasiwasi, ati "tutatembea kidogo tu." Kidogo chenyewe kilikuwa karibu nusu saa juu ya mawe, mwana mdogo wa khalati akakanyaga vile vidude vyeusi vya miiba, tukarudi kutafuta papai bichi tumpake utomvu, tukaenda tena, na boti tuliyoifikia ilikuwa inaelea kwenye maji ya magotini, kioo kinatuonesha mchanga, mchanga, mchanga, na slipa moja ya bluu. Khalati akaniangalia akaniuliza taratibu, "Hivi mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu, mwezi mpevu. Bamvua. Na mimi babu yangu alikuwa mvuvi.

Nikamwomba yule kijana arudishe hata nusu, akasema si amenipeleka? Kweli, amenipeleka.

Basi ndo maana naandika hii, na nasema mapema sitaongea habari za usafi wa choo na ukarimu wa wafanyakazi, hayo utayapata kila mahali. Mimi nina jambo moja tu linaloniwasha: karibu kila tripu inayouzwa Mombasa ina saa yake, na anayekuuzia hakwambii, kwa sababu yeye saa yake ni ile aliyozoea, saa tatu au saa nne asubuhi, leo, kesho, mwaka mzima.

Kwa wageni wa bara, elewa hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kama dakika 50, kwa hivo saa iliyokufaa Jumatatu haikufai Ijumaa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti yapita mita 3, na pwani yetu hii bamvua likishika basi kupwa kabisa huangukia saa nne saa tano za asubuhi, ile ile saa ya tripu! Wiki moja baadaye, mwezi saba nane au ishirini na mbili hivi, ni maji mafu, hayajai sana hayapwi sana, na asubuhi hiyo saa nne utayakuta yamejaa. Huhitaji programu ya simu, ingawa zipo na ni za bure. Muulize mtu yeyote anayefuata tarehe za Kiislamu leo mwezi ngapi, ushajua nusu ya habari. Wauzaji wanajua hili kuliko mimi na wewe, ndo kinachoniuma.

Sasa orodha yangu, na sijifichi, mimi ni mtu wa Makumbusho ya Taifa. Mahali pao pana geti, pana risiti, pana kibao cha bei, na hakuna anayenifuata nyuma akiniita "my sister." Ukiona nimewapendelea, ni kweli nimewapendelea.

Kwa hivo ya kwanza ni Fort Jesus pamoja na Mji wa Kale kwa miguu, wala sina mjadala. Wengi hununua hii kama tripu ya "siti tua" ya nusu siku, unabebwa kwenye nissan, unashushwa kwenye Mapembe ya Moi Avenue, yale makubwa ya ndovu yaliyopita juu ya barabara, upige picha, unapelekwa Marikiti ununue viungo kwa duka wanalolijua wao, halafu Fort Jesus unapewa dakika arobaini. Dakika arobaini! Ngome ilijengwa na Wareno 1593 mpaka 1596, ikachorwa na Mtaliano Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka 1698 ndo wakaipata, Waingereza wakaifanya jela, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, halafu wewe uizunguke kama unakwenda kulipa bili ya stima. Usinunue hiyo. Nenda mwenyewe, lipa kiingilio getini kwa eCitizen, ile ya malipo ya serikali ya mtandaoni, beba kitambulisho maana bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi, kisha ndo utafute kiongozi hapo hapo. (Naandika kiongozi makusudi, maana nikiandika "gaidi" kama watu wanavyotamka, hapa Mombasa nitakuja kuulizwa maswali.)

Na kiongozi mpime kabla hujakubaliana bei. Muulize habari za 1631. Akikwambia habari za Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala, halafu akawageuka akamuua kepteni wao na kuiteka ngome, basi huyo mchukue. Akianza kukwambia ngome ukiiona kutoka juu imekaa kama mtu amelala na akaishia hapo, hiyo sote tunaijua. Swali la pili, ambalo kwangu ni tamu zaidi, muulize Santo António de Tanná ni nini. Ni meli ya Wareno iliyokuja kuokoa ngome wakati wa kule kuzingirwa, ikazama 1697 hapo hapo mbele, wapiga mbizi wakaifanyia kazi miaka ya sabini, na vitu vyake viko ndani kwenye makumbusho. Watu wanapita mbele ya yale makabati wakitafuta choo.

Saa yake ni saa mbili asubuhi, wanapofungua, jua halijakuwa kali, ukitoka saa nne unaingia Ndia Kuu kwenye kivuli cha majumba, unaona milango, unapita Msikiti wa Mandhry, unashuka mpaka bandari ya kale. Maji yakiwa yamejaa hapo pana raha yake, majahazi yako juu, yakipwa unaona tope. Vaa nguo ya heshima, watu wanaishi humo. Na mwambie kiongozi wazi kabla hamjaondoka kwamba hutaki duka la vinyago, la sivyo utapelekwa la "ndugu yake," na ana ndugu wengi.

Ya pili ni Wasini na Kisite, na hii ndo ghali, na ndo inayouzwa vibaya zaidi. Unachukuliwa alfajiri, unavuka Likoni au unazungukia Dongo Kundu, unakwenda kusini mpaka Shimoni, mwendo wa kilomita sabini na zaidi, kisha jahazi au boti mpaka Kisite kutafuta pomboo, kuogelea na miwani na bomba la kupumulia, halafu Wasini kula kaa na samaki. Ikienda vizuri hakuna tripu inayoifikia, wallahi, nimeona kasa chini yangu nikasahau kupumua. Lakini hii ndo ya kuuliza maji kama unauliza posa. Chagua siku za maji mafu: mkondo hauvuti, maji hayajachafuka, na asubuhi yamejaa juu ya matumbawe. Ukienda bamvua utakuta mkondo unakukokota, na kushuka kwenye boti pale Wasini maji yamepwa ni mazoezi, khalati yangu nisingemthubutisha. Pia angalia upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, na matlai ya Oktoba na Novemba, bahari imetulia. Kusi likivuma, Juni, Julai, Agosti, bado wanauza, tena kwa "ofa," na utatapika ile ofa yote njiani.

Maswali mawili mengine ya Wasini. La kwanza, kiingilio cha KWS, wale wa serikali wanaosimamia wanyamapori, kimo kwenye bei au hakimo? Kisite ni hifadhi ya bahari, lazima kilipwe, na ujanja wa siku zote ni kukutajia bei ya chini halafu pale Shimoni unaambiwa "hiyo ya serikali ni mbali." La pili, mtapitia ile bustani ya matumbawe ya kina mama wa Wasini? Ni daraja la mbao linalopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, wanaendesha wenyewe kina mama wa kisiwani, na kampuni nyingi zinaruka kwa sababu hawana komisheni hapo. Lazimisha. Na pomboo hakuna anayeweza kukuahidi, anayeahidi ni mwongo, na nahodha anayewafukuza kwa injini mwambie apunguze.

Ya tatu yangu itashangaza watu: Jumba la Mtwana, kule Mtwapa. Hakuna anayekuuzia hii, kwa sababu haina faida kwa dalali. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, misikiti, nyumba, makaburi, mibuyu, yote yako ufuoni kabisa, chini ya Makumbusho (nshakwambia napendelea). Matatu ya Mtwapa, kisha boda. Nenda maji yakijaa, ukae kwenye ule msikiti wa ufuoni, unasikia mawimbi yanagonga chini, na mara nyingi utakuwa peke yako. Nilipompeleka khalati hapa siku ya pili ndo akanisamehe kidogo.

Haller Park ni ya nne, na kwa wenye watoto ipandishe. Ilikuwa machimbo ya simiti ya Bamburi, jangwa tupu la mawe, René Haller akaanza 1971 kupanda mivinje na kuleta majongoo wale majani yageuke udongo, leo ni msitu. Ndo kwao wale Owen na Mzee, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004 na kobe aliyemgeuza mama. Hapa hakuna bamvua lakini shida ni ile ile: twiga na viboko wanalishwa kwa saa maalum, ukifika nje ya saa hizo umelipa kuona migongo. Piga simu uulize kabla, usimuulize dereva wa tuktuk.

Shimba Hills ni nzuri, baridi, palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu zilizopinda, utawaona Kenya hapo tu, na maporomoko ya Sheldrick ni ya kutembelea asubuhi. Tsavo ya siku moja kutoka Mombasa usinunue, utaona lami kuliko ndovu. Lala hata usiku mmoja.

Na za bei rahisi: Mama Ngina jioni, mihogo na madafu, na feri ya Likoni ambayo kwa miguu ni bure. Hizo hazihitaji mwongozo.

Sasa niseme la moyoni kuhusu bei, maana limenikaa. Kwa nini mtu wa Mombasa nauziwa Mombasa kwa dola? Nimeuliza tripu ya Wasini kwenye meza moja ya hoteli, nimevaa buibui, naongea Kiswahili cha Mvita, yule dada ananijibu kwa dola, nikamuuliza shilingi ngapi, akatoa kalkuleta. Tripu ile ile, boti ile ile, nikampata nahodha mwenyewe Shimoni kwa bei iliyo chini mno. Katikati pamekaa watu watatu, kila mmoja amechota. Na hili neno "kuanzia." Bei kuanzia. Sijawahi kukutana na mtu aliyelipa hiyo ya kuanzia. Halafu depoziti inatumwa kwa namba ya mtu binafsi, si till ya biashara, risiti hakuna, ukidai unaambiwa "dada huniamini?" Sikuamini ndugu yangu, nakununua. Lipa depoziti kidogo, iliyobaki ukishapanda boti na boti inaelea. Hilo la kuelea liandikwe kwenye ujumbe kabisa.

Yule kijana wangu bado ana namba yangu. Juzi kanitumia ujumbe, ofa ya Pasaka, watu wanne kwa elfu tatu na nusu. Nikamjibu kwa neno moja tu: maji?

Akajibu haraka sana, safari hii. "Yapo dada, ya chupa, baridi kabisa, hayo ni bure."