Sufuria ipi ununue Kariakoo? Anza na unachopika

Muuza sufuria wa Kariakoo atakugongea ubavu usikie mlio, kisha atasema, "Hii nzito, mama, utairithisha." Mwache amalize. Wewe muulize ni metali gani, na ukumbuke jikoni kwako kunaingia nini zaidi: ukwaju, ndimu au magadi.

Namba moja kwangu ni stili. Chuma chake kimechanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, nayo hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando usioonekana kwa macho. Ukiukwaruza, unajijenga upya. Kwa hiyo samaki wa ukwaju atalala humo hadi asubuhi bila kuonja chuma. Kitakoni tafuta 18/10 au 18/8, yaani kromi asilimia 18 na nikeli 10 au 8. Nenda na sumaku ndogo uiweke ubavuni, si kitakoni. Ikinata sawasawa, huenda nikeli haimo, na sufuria hiyo itashika kutu mapema. Adui wa stili ni chumvi: subiri maji yachemke ndipo uitie, la sivyo inatuama chini na kutoboa vijishimo. Wenye visima vya maji ya chumvi mnanielewa.

Ya pili ni alumini, na hapa kuna kichekesho. Katika mpangilio wa metali kwa wepesi wa kumenyuka, tuliokaririshwa kidato cha pili, alumini iko juu ya zinki na chuma. Ilitakiwa iishe haraka kuliko vyote. Inaokolewa na utando wake wa oksidi. Bahati mbaya utando huo unashindwa na asidi, kama ya ndimu, na alikali pia, kama magadi. Niliwahi kuacha achari ya ndimu kwenye sufuria ya alumini usiku mmoja. Asubuhi ladha ilikuwa ya bati na sufuria imejaa madoa. Makande ya magadi nayo huipaka weusi. Kwa wali na kuchemshia maji, hata hivyo, sioni cha kuishinda: ni rahisi, nyepesi, na hupitisha joto takriban mara 15 ya stili.

Zile nzito zinazosubiwa kwa alumini ya vyuma chakavu sinunui. Haijulikani kilichoyeyushwa humo, na utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta risasi, ile metali yenye sumu, ikitoka kwenye sufuria za aina hiyo.

Kikaango cha chuma nakiweka cha tatu, kwa ajili ya chapati tu. Kwa unyevu wa Dar kinashika kutu kabla hujamaliza kula, basi kikaushe motoni na ukipake mafuta.

Shaba? Jina lenyewe "sufuria" limetokana na neno la Kiarabu la shaba, lakini usiipikie bila kutiwa bati ndani. Peke yake asidi haiiwezi, ila ikisaidiwa na hewa inaiyeyusha.

Ndoo ya bati iwe ya maji ya kufulia. Bati hili si lile la kutia ndani ya shaba; ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki haina subira na asidi. Ukiwekea juisi ya ukwaju ya wageni, inayeyuka na wageni wanaharisha. Ya plastiki ya chakula inauzwa duka la pili.