Skrini ya mstari kwa kamera za filamu: inafaa gizani, ila kwa masharti

Kwa SLR ya zamani, yaani kamera inayokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, skrini (kile kioo cha ndani ya kitazamio unachokazia picha) yenye duara lililokatwa na mstari katikati ndiyo ya kununua kwanza. Nusu mbili za picha zikiungana kwenye mstari huo, fokasi imekaa. Pia ndiyo inayolaumiwa bure kuliko zote: "nusu ya duara imekuwa nyeusi, nimeuziwa mbovu." Si mbovu. Ndani ya duara mna kabari mbili zinazopokea mwanga kutoka pembe mbili za lenzi, na lenzi yenye tundu dogo haifikishi mwanga kwenye pembe hizo. Kati ya f/1.4 na f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) duara linakuwa safi. Kwenye f/4 nusu moja huanza kufifia, na kwenye f/5.6 ni giza, hasa jicho likihama katikati. Mwenye lenzi ya zumu ya f/5.6 asipoteze hela yake hapa.

Ukipata yenye mstari wa mshazari, ichukue hiyo. Inakata nguzo na meza sawasawa, huna haja ya kuinamisha kamera.

Skrini zinazosifiwa kwa kung'aa zina mtego wake. Chenga zake, yaani ule mkwaruzo wa kioo unaoshika picha, ni laini mno, hivyo hata ukiweka lenzi ya f/1.4 unaona picha kama ya f/2.8 hivi. Unadhani jicho la mtu liko wazi, kumbe filamu imenasa sikio. Isitoshe, kamera inayopima mwanga ndani ya kitazamio itatoa kipimo tofauti. Linganisha na skrini ya zamani kabla ya kupiga.

Kubadilisha skrini hutegemea kamera. Kwenye Nikon F unavua prizimu (kofia ya kitazamio juu ya kamera) na skrini inatoka. Olympus OM-1 hupitishia mdomo wa lenzi, kwa kibano. Pentax K1000 mpelekee fundi. Usiifute skrini kwa spiriti wala kitambaa. Plastiki hiyo huchubuka haraka, pulizia tu kwa kipulizio cha mpira.

Baada ya kuifunga, hakiki. Fungua mgongo wa kamera, weka kioo chenye chenga juu ya reli za ndani, upande wa chenga ukitazama lenzi. Shata iwe B (hubaki wazi muda wote umebonyeza), lenzi wazi kabisa, tazama kitu cha mbali kwa kioo cha kukuza. Kama skrini na kioo havikubaliani, skrini imekaa juu au chini mno; hapo ni kazi ya vipande vyembamba vya kuinulia.

Penye giza totoro skrini zote hushindwa. Mpe unayempiga tochi ndogo aishike shavuni ikiangalia kamera, kisha unganisha nukta yake kwenye mstari. Pacemaker Graphic, kamera kubwa za waandishi wa habari, za kuanzia 1955, zenye kipima-umbali juu, zilimaliza shida hiyo kwa Rangelite: taa ya ndani hurusha nukta mbili, unasogeza lenzi mpaka ziwe moja. Gizani hakuna kinachoishinda, mradi kemu (kipande kinacholinganisha kipima-umbali na lenzi) iliyofungwa ni ya lenzi hiyohiyo. Ikiwa ya lenzi nyingine, nukta zitakutana na picha itatoka na ukungu.